Jina Lako Juu ya Kurasa Zangu

Mtaa wa Murubona,
S.L.P. 618,
Kasulu.

Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa kaka Isack,

Mwakeye. Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote, maana ndivyo mama yako alivyotulea: hata mwenye hasira husalimia kwanza, akaketi, ndipo akasema lililomleta. Je, u mzima? Wifi Elieth anaendeleaje na ile homa yake ya kwenda na kurudi? Na Godson ameshaizoea shule ya huko Arusha, au bado analia akivalishwa sweta asubuhi? Mwambie shangazi yake anamkumbuka kila anapomwona mtoto anakimbia na kiatu kimoja.

Mimi afya ninayo, namshukuru Mungu. Mvua zinaelekea ukingoni, maharage ya msimu wa pili yamekomaa na mengine yameanza kuozea shambani kwa unyevu. Barabara ya Kibondo sasa inapitika vizuri, unatoka hapa asubuhi na chakula cha mchana unakula kwa mama yako, mama mdogo wangu. Mwaka huu nimekwenda mara mbili. Baba yako, baba mdogo Anatoli, anatembelea fimbo, lakini uvimbe wa mguu umepungua tangu aanze zile dawa unazomlipia. Mdomo wake haujapungua hata kidogo. Anakusalimu.

Ajira ya serikali bado. Huu ni mwaka wa nne tangu nimalize chuo cha ualimu. Naendelea kujitolea kufundisha Kiingereza siku tatu kwa wiki, na siku zilizobaki niko kwa Lukmani, kwenye steshenari yake karibu na stendi, natoa fotokopi na kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Kazi hiyo unaijua, wewe ndiye uliyeniombea.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama watu wa zamani. Nimekutumia ujumbe wa wasapu mara sita tangu mwezi wa tatu, na zile tiki za bluu zinaniambia umeusoma wote. Basi barua hii nimempa Fidele, fundi pikipiki wa hapa jirani, ambaye anakuja huko kutafuta vipuri. Nimemwambia akukabidhi mkononi na asinyanyuke mpaka aone umeifungua. Mwandalie chai, safari ni ndefu.

Sasa niseme. Kaka, umeniibia. Neno hilo nimelizungusha kichwani wiki nane nikitafuta lililo laini kuliko hilo, na sijalipata.

Nitaanza mwanzo, usije ukasema Aneth kasahau wema. Sijasahau. Mama yangu alipofariki ni mama yako aliyenichukua, nikalala kitanda kimoja na dada zako na kula sahani moja na wewe, na siku ya kwanza shuleni Kibondo ni wewe uliyenishika mkono. Miaka mitatu iliyopita, ulipokuwa unafungasha kwenda Arusha, uliniachia ile kompyuta yako yenye kioo kilichopasuka, ukanionyesha kazi ambayo sikuwahi kujua ipo duniani. Ulisema ziko kurasa za maelekezo ambazo watengenezaji wa tovuti wa nchi zote huzisoma wanapokwama, na kurasa hizo hazina mwenyewe mmoja. Mtu yeyote akiona pabovu anaparekebisha, mhakiki anapitia, anakubali au anakataa. Ulisema, Aneth, wewe ni mwalimu, kazi hii inataka mwalimu kuliko inavyotaka fundi. Ulisema kweli, na kwa hilo nitakushukuru mpaka naingia kaburini.

Ukurasa wa kwanza ulionipa ulikuwa unaeleza jinsi ya kuweka picha kwenye tovuti. Ulikuwa umemwambia msomaji kwamba jambo lenyewe ni rahisi, afanye tu hivi na hivi. Nikakuambia mwalimu hamwambii mwanafunzi aliyekwama kwamba jambo ni rahisi, maana amemwita mjinga bila kutaja neno. Ukacheka, ukasema basi neno hilo lifute. Nikalifuta. Siku ya pili yake mtu wa nchi nisiyoijua akaandika pale chini: asante, tulikuwa hatulioni hilo. Mimi niliyekuwa nasubiri barua ya ajira isiyokuja, neno lile la asante liliniliza mbele ya Lukmani.

Asante ile ilikuja kwa jina lako. Hapo ndipo penye kosa langu, na nalikiri kabla hujalishika wewe. Namba yangu ya kitambulisho ilikuwa haijatoka, kwa hiyo hata laini yangu ya simu ilisajiliwa kwa kitambulisho chako. Unajua kwetu ilivyo. Laini moja imesajiliwa kwa jina la mtu mmoja na inatumiwa na nyumba nzima. Mama mdogo mwenyewe amepiga simu miaka yote kwa jina la baba mdogo, na hakuna aliyewahi kudhani kwamba anayeongea ni Anatoli. Nilipotaka kufungua akaunti yangu kwenye zile kurasa ulisema ya nini, mgeni husubiri wiki na wiki kuhakikiwa, tumia yangu, mimi wameshanizoea. Sisi ni mtu na dada yake, ulisema. Nikakubali. Nilidhani jina kwenye akaunti ni kama jina kwenye laini, kitu cha kupitia tu. Hakuna aliyeniambia, na wewe ulijua, kwamba katika kazi ile jina ndilo kila kitu, kwamba kila mstari una kumbukumbu ya nani aliuandika na siku gani, na kumbukumbu hiyo haifutiki.

Miaka mitatu, kaka. Mchana, wateja wakipungua, nilikaa nyuma ya mashine ya fotokopi nikaandika. Kila mtu aliyekwama kwenye fomu pale kaunta nilimwandika kwenye daftari: amekwama wapi, alidhani nini, nilimweleza kwa maneno gani akaelewa. Madaftari manne yamejaa. Humo ndimo zilimotoka kurasa thelathini na nane, na wewe katika hizo uligusa mbili, ukasahihisha alama za uandishi.

Unamkumbuka Mzee Ntirampeba? Nilikusimulia habari zake tukacheka wote kwenye simu. Alikuja kujaziwa fomu, kisanduku kimoja kinataka jina la kwanza na kingine jina la ukoo, na bila vyote viwili ukurasa haukubali kusonga. Akaniambia, "Mwalimu, mie ni Ntirampeba. Baba alikuwa na lake, na mtoto wangu nimempa lake. La ukoo ndo lipi hilo?" Nikaandika Ntirampeba mara mbili ili mashine iridhike, na mzee akaniuliza kama serikali sasa itadhani yeye ni watu wawili. Jioni hiyohiyo nikaanza ukurasa unaowaeleza watengenezaji wa tovuti kwamba duniani kuna watu wengi wasio na jina la ukoo, waweke kisanduku kimoja tu na wamwache mtu aandike jina lake kama anavyoitwa kwao. Mzee niliomba ruhusa yake nikatumia jina lake kwenye mfano. Ukurasa ule ulihakikiwa na watu watano, na mmoja akasema angependa kila anayeanza kazi aupitie. Nikamjibu asante, kwa jina lako, na nikacheka. Leo sicheki.

Mwezi wa pili ukanitumia ujumbe: "Dada, nisaidie ukurasa mmoja wa haraka, kuna watu wananisubiri." Sikuuliza watu gani. Kaka akisema nisaidie, unasaidia. Niliacha kusahihisha mitihani ya kidato cha pili, nikaandika siku mbili, nikakutumia. Ukanijibu kwa kile kidole gumba.

Mwezi wa tatu nikaenda Kibondo kumwona mama mdogo. Nilimkuta amevaa kitenge cha sikukuu siku ya Alhamisi. Akanivuta ndani, akafunga mlango, akatoa simu aliyokuwa ameifunga kwenye leso. Akaniambia, "Mwana wanje, mwanangu, kaka yako amekuwa mwandishi. Wazungu wanamlipa kwa kuandika. Nisomee alivyoandika, mie hicho Kiingereza kinanipita." Kulikuwa na picha yako, umevaa lile shati la bluu, na tangazo la kukukaribisha kama mwandishi wa kudumu wa kurasa zile, na maneno kwamba wamekuchagua kwa sababu ya kazi uliyoifanya miaka mitatu bila malipo. Ndipo nikajua ni watu gani waliokuwa wanakusubiri mwezi wa pili. Chini wameweka ukurasa mmoja kama mfano wa ubora wako. Nikaufungua, na jina la kwanza nililoliona ni Ntirampeba.

Nikamsomea. Ningefanya nini? Nilikaa kwenye kigoda cha jikoni kwake, nikamtafsiria maneno yangu mwenyewe kwa Kiha, sentensi baada ya sentensi, na mama mdogo akasikiliza kama anasikiliza Injili. Nilipofika pale panaposema kwamba jina la mtu ni la kwake na mashine haina haki ya kulikata vipande, akafuta macho. Akasema, "Isack ana moyo. Ona alivyowaza watu wa kwao, na yuko mbali." Nikasema ndiyo, mama. Sijawahi kumeza kitu kichungu kama ile ndiyo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nimeifundisha darasani miaka yote nikidhani naielewa.

Jioni ile nikakuuliza kwa wasapu, kwa adabu, bila tusi hata moja. Ukanijibu mstari mmoja: "Dada, mambo ya kazi ni marefu, tutaongea." Nikasubiri tuongee. Kesho yake asubuhi nikafungua akaunti nimalizie ukurasa niliouacha katikati, na nywila ikakataa. Nikaijaribu tena polepole, nikidhani nimekosea herufi. Ulikuwa umeibadilisha. Isack, kuchukua kazi kwa mgongo wangu nilikuwa nimeanza kukutafutia sababu. Pengine ulibanwa, pengine kodi ya nyumba, pengine dawa za baba mdogo. Lakini kuamka asubuhi, kukaa, na kunifungia mlango wa nyumba niliyoijenga mimi, hilo ulilifanya ukiwa na akili timamu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo ninapoandika.

Najua utasema kurasa ni za wote, hakuna mwenye kudai. Ni kweli ni za wote. Na shimo la choo cha shule ya msingi tulilichimba ili litumike na wote, lakini mwenyekiti aliandika majina ya waliochimba, na waliobaki nyumbani hakuwaandika. Sidai kurasa. Nadai iandikwe nani alichimba.

Sasa sikiliza habari zangu mpya, maana hukuniuliza. Kitambulisho changu kilitoka mwaka jana. Mwezi wa nne nikafungua akaunti yangu, kwa jina langu, na nikaanza tena kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Mgeni kweli husubiri, hapo hukunidanganya. Mabadiliko yangu ya kwanza yalikaa siku kumi na tisa bila mtu kuyatazama, na yalikuwa ya neno moja. Hadi leo nina mabadiliko matatu yaliyokubaliwa. Nikitazama upande wa pili naona kurasa thelathini na nane zenye picha yako na shati la bluu.

La nne liko kwako. Jumanne iliyopita uliweka ukurasa mpya kuhusu fomu, nadhani huu umeuandika mwenyewe, maana nimeuona unavyokwenda mbio bila kumngoja msomaji. Umewaambia watengenezaji wa tovuti kwamba mtu akikosea kujaza, wakipake kisanduku rangi nyekundu, basi. Kaka, wako watu wasioiona nyekundu, na wako wanaosikiliza ukurasa kwa masikio kwa kuwa macho hawana. Hao watajuaje wamekosea wapi? Nimerekebisha. Nimeongeza kwamba kosa lisemwe kwa maneno, karibu na kisanduku chenyewe, na jinsi ya kulisahihisha. Mhakiki wa sehemu hiyo sasa ni wewe, kwa hiyo rekebisho langu limekaa kwenye foleni yako siku ya tano, na jina langu umeliona. Likubali au likatae, lakini usilikalie, kuna watu wanausoma ukurasa ule ukiwa na kosa.

Na kuna jambo kubwa kuliko hilo. Wenzako wametangaza nafasi ya mwandishi wa pili, wa kurasa za wanaoanza. Ndiyo kazi niliyokuwa naifanya. Maombi yanafungwa tarehe 30 mwezi huu, na wanaangalia kumbukumbu ya kazi ya mwombaji kuliko cheti. Kwa mabadiliko matatu hawatasoma hata jina langu likaisha. Kwa kurasa zangu zote, nina nafasi. Mimi nina miaka ishirini na tisa, kaka. Nimejitolea kila mahali, shuleni nimejitolea, kwako nimejitolea, na hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo ningeingia nikiwa naiweza tayari.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba katika kazi ile, ukurasa ukiandikwa na wawili, huongezwa mstari mmoja wa kumtaja wa pili. Mstari huo ndio ninaoutaka, kwenye kila ukurasa wangu, na barua yako fupi kwa wakubwa zako kueleza ilivyokuwa. Sitaki mshahara wako. Sitaki ufukuzwe. Dawa za baba mdogo najua zinatoka wapi, na mwenye kumpenda mzee yule si wewe peke yako. Lakini siwezi kuununua mguu wake kwa kunyamaza, na wewe huna haki ya kuniomba hivyo, hata kama hukuniomba kwa mdomo.

Fomu ya maombi nimeshaijaza. Kuna swali linalouliza kama mwombaji amewahi kuandika kwenye kurasa hizi na kwa muda gani. Nimejibu: ndiyo, miaka mitatu, kwa jina la kaka yangu. Sijaituma. Nitaituma asubuhi ya tarehe 29, uwe umeandika au hujaandika. Ningependa habari hizo wazisikie kwako kwanza, maana mtu akijitaja mwenyewe husamehewa upesi kuliko akitajwa. Hilo nakwambia kama dada.

Nisalimie wifi Elieth sana. Mwambie majani yale ya kikohozi aliyoniomba nimeyapata na Fidele anayo kwenye mfuko wa khaki. Godson mpe busu langu na mwambie asome. Lukmani anakusalimu, hajui lolote, ameniuliza tu kwa nini siku hizi siimbi nikitoa fotokopi. Dada zako wote wawili wa Kibondo wazima, yule mdogo ni mjamzito wa miezi sita.

Mama yako anakuombea usiku na mchana. Tarehe moja mwezi wa sita ameandaa misa ya shukrani kigangoni kwa ajili ya kazi yako, na ng'ombe hana lakini mbuzi ameshamchagua. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe kwamba siku hiyo nisimame mbele ya watu niwasomee ule ukurasa kwa Kiha, kama nilivyomsomea yeye. Nilimwambia mama, sitaweza kuusoma. Akaniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba sababu anaijua Isack, amuulize Isack. Sikuongeza neno. Amesema atakupigia Jumatano jioni, akitoka sokoni. Fidele anaondoka kesho alfajiri, na Mungu akimfikisha salama utakuwa na barua hii mkononi siku ya Jumanne. Kwa hiyo una usiku mmoja na mchana mmoja wa kufikiri utamwambia nini mama yetu.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe ulimi mwepesi siku hiyo.

Ni mimi dada yako ninayekupenda, na sijakusamehe bado,

Aneth